Umehamia Dar lakini bado hujaiona?
Kama Dar unayoijua ni njia ya kazini na foleni yake, tenga Jumapili moja asubuhi. Shuka Posta ya Zamani, tembea kwa miguu kando ya bandari. Boma la Kale lipo hapo, la mawe ya matumbawe, limejengwa enzi za Sultani Majid miaka ya 1860. Watu hulipita kila siku bila kugeuza shingo. Pitia kanisa la Azania Front, kisha Feri ukale samaki wa kukaanga (uliza bei kwanza!). Halafu panda pantoni kwenda Kigamboni, usimame ukingoni uutazame mji kutoka majini. Makaburi ya kale ya Kunduchi yaweke siku nyingine, ni mbali.