Wikendi Ghuba kwa Dada Anayesafiri Peke Yake: Anza na Saa ya Kurudi

Huu ni mwongozo kwa dada wa Moshi au Arusha aliye kazini Ghuba, hana mume wala ndugu mjini, na amechoka kumaliza siku yake ya mapumziko kitandani na simu mkononi. Hata yule ambaye bado yuko nyumbani Majengo au Ngarenaro anasubiri viza ausome, maana yapo mambo mawili matatu ambayo ni rahisi kuyafanya kabla ya kufika uwanja wa ndege wa KIA kuliko baada.

Wengi hupanga safari kwa kuchagua mahali kwanza. Ghuba, anza na saa unayotakiwa kuwa mlangoni kwa bosi, kisha hesabu kinyumenyume. Chukua mtu wa Dubai anayeingia kazini Jumatatu alfajiri. Anataka awe ndani Jumapili saa tatu usiku. Toa dakika 45 za metro, toa saa mbili za basi kutoka Abu Dhabi, toa saa nzima ya foleni, kwa sababu Jumapili jioni kila mtu anarudi na basi la mikoani halichukui abiria wa kusimama. Imebaki saa kumi na moja na robo jioni: hiyo ndiyo saa ya kuwa stendi ya Abu Dhabi. Sasa ndipo ujue siku yako inatosha mahali pamoja au pawili. Pawili, kwa kawaida. Patatu ni kujitafutia lawama.

Ujue pia siku yenyewe. Falme za Kiarabu zilihamisha wikendi ya serikali kuwa Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa ni nusu siku. Sharjah hupumzika Ijumaa hadi Jumapili. Oman, Qatar, Saudia, Kuwait na Bahrain ni Ijumaa na Jumamosi. Mtu wa Dubai akivuka kwenda Oman na wikendi yake, ataukosa mnada wa mifugo wa Nizwa, ambao ni Ijumaa asubuhi. Ukiacha soko kama hilo, kwingi Ijumaa maduka mengi hufungwa wakati wa swala ya mchana. Mji unaamka baada ya swala.

Halafu saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa, na kichwa chako kinahesabu Kiswahili. 07:00 ni saa moja asubuhi, 19:00 ni saa moja usiku. Kosa hili huwakuta hata wazoefu, hasa wanapomwandikia mwenzao Mfilipino au Mhindi "nitafika saa 2". Andika 20:00, usiandike vingine. Dubai na Muscat ziko saa moja mbele ya Tanzania. Doha, Riyadh, Kuwait na Manama ziko sawa na nyumbani.

Karatasi kabla ya begi

Aliye kazi za ndani Falme za Kiarabu ana haki ya siku moja ya mapumziko yenye malipo kila wiki. Iko kwenye sheria ya wafanyakazi wa ndani ya 2022. Sheria hiyohiyo inasema hati zako unakaa nazo mwenyewe, mwajiri haruhusiwi kuzishika. Ndivyo ilivyoandikwa. Nyumbani kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, mambo huwa na sura nyingine, na kinachokulinda ni maandishi. Usiage kwa mdomo. Siku mbili kabla, tuma ujumbe wa WhatsApp: naondoka Jumamosi saa fulani, ninalala mahali fulani, narudi Jumapili saa fulani. Bosi akijibu hata "sawa" tu, piga skrinshoti na uitume kwa dada yako Moshi. Sababu ni hii: mwajiri anaweza kumripoti mfanyakazi kuwa ametoroka, na ripoti hiyo ikishaingia kwenye mfumo, kuifuta ni kazi ya wiki nyingi. Skrinshoti moja inaonyesha ulisema unakwenda wapi na unarudi lini.

Qatar iliondoa kibali cha kutoka nchini kwa wafanyakazi wa ndani mwaka 2020, lakini bado unatakiwa kumjulisha mwajiri saa 72 kabla. Saudia ni tofauti: kuvuka mpaka, hata kwenda Bahrain kwa daraja tu, kunahitaji viza ya kutoka na kurudi juu ya ikama yako, yaani kibali cha ukaazi. Bila hiyo, tembea ndani ya nchi. Si haba, treni ya Haramain inaunganisha Makkah, Jeddah na Madinah kwa mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa, na mwanamke anaweza kuchukua chumba cha hoteli peke yake tangu 2019.

Kabla ya kuondoka Moshi, piga picha ukurasa wa pasipoti, mkataba na viza. Nakala moja abaki nayo mama, nyingine iwe kwenye barua pepe yako. Simu huibiwa, na simu huzama majini. Barua pepe unaifungua kwenye simu ya mtu yeyote.

Safari ya siku moja: Dubai hadi Abu Dhabi

Hii ndiyo ya kuanzia. Basi E101 hutoka kituo cha Ibn Battuta, E100 hutoka Al Ghubaiba, na nauli ni dirhamu 25 kwenda, unalipa kwa kadi ya Nol, ile ya usafiri wa Dubai. Weka nauli ya kwenda na kurudi kabla hujaondoka Dubai, yaani 50 pamoja na ya metro. Anayeweka ya kwenda tu hujikuta jioni stendi ya Abu Dhabi na kadi yenye dirhamu nne, anatafuta pa kuongeza huku foleni ikimpita. Gusa kadi unapopanda na unaposhuka. Ukisahau kugusa kwa kushuka, mashine hukukata nauli kubwa kuliko safari uliyofanya.

Mtego wa Jumapili: metro ya Dubai siku hiyo hufunguliwa saa mbili asubuhi, wakati siku nyingine huanza saa kumi na moja alfajiri. Ukifika kituoni saa kumi na mbili utakuta geti limefungwa na mlinzi anakuangalia kwa huruma. Ukiondoka na metro ya kwanza, utakuwa Abu Dhabi kwenye saa tano hivi, nawe una saa tano au sita mkononi.

Ndani ya metro kuna behewa la wanawake na watoto lenye alama ya waridi, na mwanamume akiingia faini yake ni dirhamu 100. Lakini faini hiyohiyo ya 100 inakuhusu wewe ukila andazi au ukinywa maji ndani. Maliza kifungua kinywa nje ya geti.

Mabasi ya mjini Abu Dhabi hayapokei Nol. Nunua kadi ya Hafilat kwenye mashine ya stendi. Msikiti wa Sheikh Zayed hauna kiingilio, ila unaweka nafasi mtandaoni kabla, na ule msimbo wa mraba (QR) unaotumiwa uuhifadhi kama picha, maana bando likikata langoni utasimama pale. Mavazi: gauni au baibui pana hadi kifundo cha mguu, mikono hadi kiwikoni haitoshi, iwe hadi kwenye kiganja, na ushungi. Kanga ya kujifunga kiunoni haifai hapa, upepo wa uwanja ule mweupe utaifungua mbele za watu. Baibui la pamba jepesi la mtumba wa Kiboriloni linafanya kazi hii vizuri kuliko lile la kung'aa la duka la Deira, ambalo halipitishi hewa.

Kanga hata hivyo ibebe, doti nzima. Kiyoyozi cha basi ni baridi ya Marangu mwezi wa saba. Kipande kimoja ni shuka, kingine ni cha kukalia ufukweni.

Al Ain, kama unataka kupumua

Basi E201 hutoka Al Ghubaiba. Bustani ya mitende ya Al Ain iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2011, kuingia ni bure, na kwa mtu wa Uchagani ina kitu kimoja kinachostahili safari nzima: falaj, mifereji ya maji inayopita shambani kwa zamu. Ni mfongo kabisa, ule mfereji wa Wachaga. Mlango wa tope unafunguliwa, maji yanaingia kwenye shina la mtende, unafungwa, yanahamia kwa jirani. Fuata mfereji kwa miguu polepole, chini ya kivuli. Mlima Jebel Hafeet unaouona pembeni unapita mita 1,000. Wenyeji wanauheshimu sana, wewe tabasamu tu.

Kuvuka kwenda Oman

Hapa ndipo wengi hukosea, hasa kwa Musandam. Matangazo huiuza kama siku ya kupanda jahazi na kuona pomboo, lakini Khasab, mji mkuu wa Musandam, ni ardhi ya Oman. Ukitoka umepiga muhuri wa kutoka nchini. Hivyo hakikisha mambo manne: una ukaazi, si viza ya matembezi, maana viza ya matembezi ya kuingia mara moja ukitoka imekufa, ukaazi umebakiza angalau miezi mitatu, pasipoti imebakiza miezi sita, na viza ya Oman umeiomba kwenye tovuti ya polisi wa Oman na jibu limetoka. Kazi iliyoandikwa kwenye ukaazi wako nayo huangaliwa, kwa hiyo usilipe hoteli kabla ya jibu.

Muscat kwa basi la Mwasalat kutoka Sharjah ni karibu saa nane za njia, pamoja na mpaka. Kwa wikendi ya siku mbili hiyo ni kukaa kwenye kiti tu. Ifanye unapopata siku ya tatu, kama sikukuu ya taifa ya tarehe 2 na 3 Desemba au Idi. Kwa ndege ni kama saa moja.

Ukifika, kuwa makini na fedha. Rial moja ni karibu dirhamu tisa na nusu, na inagawanyika kwa baisa 1,000, si 100. Mwuza akisema "mia tano" ana maana nusu rial. Kuna watu wametoa noti ya rial tano.

Na kuwa makini na mdomo. Familia nyingi za Muscat zina asili ya Zanzibar na zinaongea Kiswahili cha nyumbani kabisa. Yule mama wa makamo kwenye duka la ubani sokoni Muttrah anaweza kuwa anakusikia tangu ulipoanza kumsema. Upande mzuri: salamu ya "shikamoo" ikipokelewa, umepata mtu wa kukuelekeza njia, na pengine kahawa na halua.

Wadi Shab, kwenye barabara ya kwenda Sur, ni korongo lenye mabwawa ya maji ya kijani. Unavushwa kwa boti, rial moja kwenda na kurudi, kisha unatembea kama dakika 45 juu ya mawe. Vaa raba zinazoshika, si ndala. Kabla hujashuka kwenye boti, mwulize nahodha saa yake ya mwisho na umwombe akuonyeshe kwenye simu. Kuhusu mvua, fikiri kama mtu wa Same: korongo hujaa kwa mvua iliyonyesha mlimani, si kwa ile unayoiona. Ukisikia kuna mawingu upande wa milima, usiingie, hata kama juu yako ni bluu tupu.

Mwezi wa sita hadi wa tisa joto hupita nyuzi 40, na safari za mchana si za kufanya. Salalah peke yake, kusini kabisa mwa Oman, ndiyo yenye manyunyu na majani mabichi kipindi hicho, na minazi na mapapai kando ya barabara.

Usafiri, mizigo, maswali

Pembeni ya stendi utawasikia madereva binafsi wakiita "Abu Dhabi, Abu Dhabi" kama wapiga debe wa stendi ya Moshi. Bei yao inavutia. Gari lisilo na leseni ya abiria likipata ajali, bima inaweza kukataa kukulipa, na polisi wakilisimamisha safari imeishia hapo. Dubai kuna teksi zenye paa la waridi zinazoendeshwa na wanawake. Muscat tumia programu ya Otaxi badala ya kubishana bei barabarani.

Mzigo wa mtu usiubebe mpakani, hata ukiambiwa ni unga wa lishe. Mirungi ni kesi ya dawa za kulevya nchi zote hizi, na vidonge vya maumivu vyenye tramadol au codeine vinahitaji idhini. Watu usiwapige picha bila ruhusa. Falme za Kiarabu ni kosa la jinai.

"Una mume?" utaulizwa na kila dereva. Jibu fupi: ndiyo, ananisubiri kituoni. Unapolala usikutaje, na picha za hoteli ziweke mtandaoni ukishatoka.

Simu za WhatsApp hazipiti Falme za Kiarabu, ni ujumbe wa maandishi na sauti tu, hivyo wengi hutumia Botim. Mweleze mama mapema, asije akadhani umenyamaza. Pakua ramani ukiwa na waifai, kwa sababu romingi ya Oman italamba salio lako lote kabla ya chakula cha mchana.

Polisi Falme za Kiarabu ni 999, gari la wagonjwa 998. Oman ni 9999, Qatar 999, Kuwait 112. Tanzania ina ubalozi Abu Dhabi, Muscat, Doha, Riyadh na Kuwait, na konseli Dubai. Namba ya ulipo iandike kwenye karatasi, ndani ya kava la simu.

Basi la mwisho likikuacha, usitoke nje ya stendi kutafuta gari. Kaa mahali penye mwanga na watu. Kwanza mwandikie bosi, sasa hivi, si baada ya kupata suluhisho: nimekosa basi la saa fulani, niko stendi fulani, na picha ya ubao wa ratiba. Kisha fungua programu ya teksi uone bei. Mkiwa wanawake watatu au wanne mliokwama, gari moja hadi Dubai mnagawana. Mkikosa, chukua kitanda kwenye hosteli yenye bweni la wanawake, na hapo watataka kitambulisho halisi cha ukaazi au pasipoti, picha ya kwenye simu haikubaliki.