Kabla hujapanda mkunazi uani

Anza na mahali, maana mkunazi haupendi kuhamishwa. Mche wa kimo cha goti tayari umezamisha mzizi mrefu, na ukiukata mzizi huo kwa jembe, mti umekwisha. Simama uani kwanza, pima mita 5 au 6 kutoka ukutani, mbali na kamba ya kuanikia nguo na pale watoto wanapopita mbio. Miiba yake huota miwili miwili penye kikonyo cha jani: mmoja umenyooka, mwenzake umepinda kama ndoana. Ulionyooka unachoma. Uliopinda ndio unaochana kanzu.

Kama nia yako ni ndege, achana na miche ya kuunganishwa yenye tunda kubwa, hiyo ni ya biashara. Okota kunazi ndogo za kienyeji, zile zilizoiva zikawa kahawia, ambazo shorewanda na kuzumburu wanazimudu kwa mdomo. Kokwa ni ngumu. Iloweke siku moja au mbili, au ipasue taratibu kwa jiwe bila kuiponda mbegu iliyomo, kisha ipande palepale mti utakapokaa. Ukilazimika kutumia kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, kiwe kirefu.

Mbuzi wa mtaani hawajali miiba hata kidogo, basi mche uzungushiwe boma siku hiyohiyo, si kesho.

Dawa ya wadudu usiinunue kabisa. Wapo vipepeo wadogo wa buluu ambao viwavi wao hula majani ya mkunazi, na ukipiga dawa umewafukuza wageni uliowapandia mti. Maua yenyewe ni madogo, rangi kati ya kijani na njano, harufu yake si ya kujivunia, lakini nyuki hawabanduki. Funza kwenye kunazi watakuwepo. Ndege hawajawahi kulalamika. Kupogoa ni baada ya matunda kwisha, na viota vikaguliwe kabla ya panga kushuka. Mti hauogopi, huchipua hata kisikini.

Na kuna hili ambalo wauza miche hawakwambii. Huku Pwani, majani ya mkunazi hutwangwa yakatiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mwenye mkunazi hugongewa mlango hata alfajiri, na hakatai. Kwa hiyo ukipogoa, bakiza matawi ya chini upande wa geti, mkono wa mtu uyafikie bila ngazi.