Somo la msitu wa mvua kwa gredi ya tatu: anzia kwenye chupa mbili

Mwalimu mwenzangu wa Shinyalu ameniomba nimwelekeze jinsi ya kufundisha somo hili nje ya darasa. Msitu wa Kakamega ndio msitu wa mvua wa kitropiki pekee uliosalia nchini Kenya, na watoto wetu wanaishi ukingoni mwake. Chati ya ukutani haina kazi hapa.

1. Ruhusa. Barua kwa wazazi, kisha ofisi ya msitu. Sehemu ya msitu ya Buyangu iko chini ya KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya), ile ya Isecheno chini ya KFS (Shirika la Misitu Kenya). Nendeni asubuhi, maana mvua hupenda alasiri. Suruali iingizwe ndani ya soksi kwa sababu ya siafu.

2. Jaribio la chupa, shuleni, kabla ya safari. Usiliruke, na usiharakishe. Hapa ndipo walimu wengi hukwama. Tafuta chupa mbili kubwa za soda zinazolingana. Zilaze, kata dirisha ubavuni, jaza udongo uleule hadi chini kidogo ya mdomo. Moja iache wazi, nyingine ifunike kwa majani.

Majani yawe makavu yaliyoanza kuoza, ya chini ya miti ya shule. Msituni hatuchukui kitu. Ya mkaratusi yaliyoanguka jana hayafai, yataelea na kuondoka na maji. Udongo ushindilie kwa kiganja na uuloweshe jioni ya kuamkia somo. Ukiwa mkavu utakunywa maji yote, na watoto watakaa wakitazama mdomo wa chupa usiotoa hata tone. Inamisha chupa zote mbili sawasawa, kwa kipande kilekile cha ubao.

Usimimine kwa jagi! Jagi huchimba shimo, na hata chupa yenye majani itatoa tope. Toboa kopo matundu madogo kwa msumari, umwagilie polepole, kiasi kilekile kila upande. Kinga maji kwa glasi zinazoonyesha ndani. Moja itakuwa na rangi ya chai ya maziwa, nyingine itakaribia kuwa safi. Usieleze bado. Uliza tu: mito ya Yala na Isiukhu inapita msituni, miti ikiisha, itafanana na glasi ipi? Nyamaza, waache wabishane.

3. Msituni. Watoto wanne kwa kila mraba wa mita moja, uliozungushiwa kamba ya katani. Mimi ya nailoni siitumii, ikisahaulika haiozi. Kwanza wakae kimya wasikilize mbega na hondohondo, kisha wapekue majani kwa kijiti na kuyarudisha. Watakuta miche ambayo mti mama wake hauonekani karibu. Waulize nani aliipanda. Jibu liko juu ya vichwa vyao: ndege na kima hula matunda na kuangusha mbegu mbali.

Mwombe kiongozi awaonyeshe mwiritsa, mti unaotafutwa kwa dawa. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, chakula kutoka kwenye majani hakishuki tena mizizini, na mti hufa ukiwa umesimama. Waache waguse gome.

4. Kupanda. Nunua miche ya asili kitaluni, si mkaratusi. Pandeni mvua ndefu zinapoanza, mfunike shina kwa majani yaleyale makavu, na kila kundi limwagilie mche wake kuanzia Desemba hadi Februari.