Kukata rufani Marekani njia yako ya usafishaji inapoitwa dhahiri

Iwapo mkaguzi wa hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) amekataa madai yako mara mbili kwa hoja kwamba njia yako ya kusafisha mabomba ya maziwa ingemjia kirahisi fundi yeyote wa kazi hiyo, wasilisha taarifa ya rufani, kisha hoja za maandishi ndani ya miezi 2. Usijaze kurasa kwa kusifu usafi. Tangu kesi ya KSR, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2007, kuunganisha hatua zinazojulikana kwa matokeo yanayotarajiwa hakutoshi. Thibitisha kwa vipimo vilivyoapiwa kwamba, kwa mfano, kutanguliza asidi kabla ya kostiki soda kuliondoa ukoko ambao mpangilio wa kawaida uliuacha. Vipimo hivyo viingie kwenye jalada kabla ya taarifa ya rufani, kwani baadaye ushahidi mpya hupokelewa kwa nadra.