Ukitaka kuanza kujirekodi, mdogo wangu

Nashona mabaibui na mitandio Majengo, hapa Dodoma, na wasichana wanaojifunza kwangu huniuliza waanzeje mtandaoni. Kwanza amua utakachoonyesha: uso, mikono, au sauti tu? Amua kabla ya kufungua akaunti, maana wafuasi wakishaongezeka wataomba zaidi, na kukataa katikati ya sifa ni kazi nzito.

Mwenye nikabu asidhani hana nafasi. Elekeza kamera mezani, mikono ikipima na kukata, huku ukieleza. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alirekodi santuri Bombay mwaka 1928, na wengi waliozisikiliza hawakuwahi kumwona.

Upepo wetu wa Juni hadi Agosti humeza maneno. Rekodi chumbani, funga dirisha, tundika blanketi mlangoni. Salamu iwe fupi, kisha ingia kwenye jambo lenyewe: "Mtandio wa shifoni unateleza? Anza na kofia ya pamba ndani." Video moja, jambo moja.

Wala usijifunge kwenye mavazi. Kama maji hayatoki mtaani kwenu, au ushuru wa soko unakuumiza, sema. Bibi Titi Mohamed alikuwa Mwislamu, na mwaka 1955 alikuwa akiwahamasisha wanawake wajiunge na TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika. Maoni yako nayo yana haki ya kusikika.

Matusi yatakuja. Kwenye mipangilio ya TikTok na Instagram kuna sehemu ya kuchuja maneno. Andika humo matusi ya Kiswahili unayoyajua, pamoja na vifupisho vyake. Anayeuliza dini kwa adabu, mjibu unalolijua, lililobaki mpeleke kwa mwenye elimu. Anayekutisha, usimzuie ("block") kwanza. Piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti na tarehe, halafu nenda dawati la jinsia polisi ukiwa na ndugu unayemwamini. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtisha na kumnyanyasa mtu kwa njia hiyo.

Harusini, upande wa wanawake, simu ikae kwenye pochi. Wenzako wamevua mabaibui kwa kuaminiana, na ruhusa ya bibi harusi haiwatoshi wote waliomo ukumbini. Hapo silegezi hata kwa mwanafunzi wangu mpendwa.

Mwisho, washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani akaunti iombe namba ya ziada baada ya nywila, zima kinachoonyesha mahali ulipo, na nywila asiijue hata mchumba.