Hali ya moyo ya mhusika: fuata mikono yake

Jana usiku hapa Wete nilikuwa namsaidia mpwa wangu wa Kidato cha Nne kuchambua hadithi fupi. Chukua penseli, upigie mstari kila pahala mdomo wa mhusika unasema hivi na mwili wake unafanya vile. Bibi anaulizwa hali, anajibu "sijambo, alhamdulillahi", huku pindo la kanga analisokota kwa mara ya tatu. Hiyo ya tatu ndiyo ushahidi. Ya kwanza ni mkono tu. Mwandishi hodari haandiki "ana wasiwasi", anauweka kwenye vidole, kwenye mlango unaochunguliwa kila saa, kwenye chai iliyopoa. Katika jibu lako taja vitendo kwanza, jina la hali (hofu, majuto, upweke) lije baadaye. Wanafunzi wengi hugeuza, wakishaandika "ana huzuni" hawana la kuongeza.

Mbinu hii inakwama pale kitendo ni desturi. Mjane wa Kiislamu aliye edani, yaani kwenye muda wa kungoja baada ya kufiwa na mumewe, hukaa ndani miezi 4 na siku 10. Usimwandikie "amejitenga kwa sonona". Na msimulizi akiwa "mimi", mikono anaisimulia mwenyewe, kwa hiyo tazama zaidi anachokiruka.