Umerukwa kwenye kupandishwa cheo? Hatua za kufuata kwa mtumishi wa Tanga

Barua za vyeo zimetoka, wenzako mlioanza nao kazi wamepata, wewe kimya. Kabla ya kutafuta wakili, nenda kwa Afisa Utumishi wa halmashauri yako, iwe Jiji, Muheza au Lushoto, uombe kuona ulipo kwenye tange, yaani orodha ya ukubwa kazini. Tange hupanga watumishi wa kada moja kwa tarehe waliyopata cheo walicho nacho sasa, si tarehe ya kuajiriwa. Hapa ndipo malalamiko mengi yanapoishia. Mtendaji wa kijiji kule Pangani aliyejiendeleza na kubadilishwa kuwa afisa maendeleo ya jamii, miaka yake ya utendaji haimsogezi mbele ya aliowakuta kwenye kada mpya.

Ukubwa kazini peke yake hautoshi. Wanatazama pia muundo wa kada yako, utendaji wako kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi (zamani OPRAS), na ikama, yaani idadi ya nafasi zilizoidhinishwa. Halmashauri ikiomba nafasi 20 na kibali cha Ofisi ya Rais, Utumishi, kikaja cha 12, wanane watabaki bila mtu kuvunja sheria. Kesi yako ina nguvu pale aliye chini yako kwenye tange, mwenye sifa zilezile, amepanda na wewe umeachwa bila sababu.

Kama ndivyo, mwandikie Mkurugenzi kupitia mkuu wa idara. Ukurasa mmoja unatosha: cheo chako, tarehe ulipokipata, unachoomba. Ambatisha barua ya kuthibitishwa kazini na ya cheo cha sasa. Toa nakala mbili, upeleke masjala mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani akikuambia "iache tu hapo", subiri muhuri. Miezi ikipita bila majibu, nakala hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulilalamika.

Usiporidhika, panda ngazi. Mwalimu anaanzia Tume ya Utumishi wa Walimu, ofisi ya wilaya, kwa kuwa ndiyo inayopandisha walimu. Wengine wanamwandikia Katibu, Tume ya Utumishi wa Umma, Dodoma, nakala kwa mwajiri. Kama unakata rufaa dhidi ya uamuzi wa mamlaka ya nidhamu, una siku 45.

CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, si mlango wako. Tangu 2016, kifungu kilichoongezwa kama 32A kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma kinakutaka umalize kwanza njia za sheria hiyo. Watu wamepoteza miaka CMA, kisha shauri likafutwa.

Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Tanga, iwe ya mwisho. Huko unaomba mapitio ya uamuzi: kwanza kibali cha mahakama cha kufungua maombi, ndani ya miezi 6 tangu uamuzi utolewe, ukikipata, maombi yenyewe ndani ya siku 14. Na usitegemee jaji akupe cheo. Anaweza kutengua uamuzi na kuamuru mamlaka iamue upya kwa kufuata sheria, basi. Ukitaka kuidai Serikali fedha kwa shauri la madai, hiyo ni njia nyingine na inatanguliwa na notisi ya siku 90.

Barua ya cheo ikija, kabla ya kusaini tazama tarehe ya kuanza cheo. Malimbikizo ya mshahara yatahesabiwa kuanzia hapo, na nafasi yako kwenye tange ijayo vilevile.